Pembe ya nje si ya kukariri: somo nililolipata Kanja

Ukiwatajia watu wa Pwani jina la Embu, jambo la kwanza linalowajia ni muguka. Tangu lile zogo la Mei 2024, serikali ya kaunti ya Mombasa ilipolipiga marufuku jani hilo na wakulima wa Embu wakaja juu, utadhani kaunti ile haina kingine cha kutuletea. Mimi nafundisha hisabati Kanja, upande wa Runyenjes, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huku juu ni chai na kahawa, baridi ya asubuhi, na udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu. Leo nataka kuwaletea watu wa kwetu kitu kingine kutoka Embu, kisicho na ugomvi: pembe ya nje ya pembetatu.

Msicheke. Kilichonifanya nishike kalamu ni simu kutoka Kisauni. Alipiga mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Baada ya shikamoo na marahaba, akaingia kwenye lake moja kwa moja.

"Mjomba, mimi hisabati basi. Nikifika sekondari pevu nitachagua njia isiyo na hesabu nyingi. Mama amesema nikuulize kwanza."

Nikamuuliza kilichomkera ni nini hasa. Akaniambia wamepewa jaribio, na katika maswali ya pembetatu ameambulia sifuri. "Kuna pembe za ndani, kuna pembe za nje. Kanuni naijua, nimeikariri, lakini nikifika kwenye swali sijui ipi ni ipi. Labda hesabu si za watu wa Pwani."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma, kwa sababu si yake. Ameyasikia mahali, kama nilivyoyasikia mimi nikiwa na umri wake. Nilinyamaza kidogo pia kwa sababu nyingine. Wiki ileile, darasani Kanja, mtoto wa Embu alikuwa amekwama palepale alipokwama mtoto wa Kisauni. Tatizo basi haliwezi kuwa Pwani wala bara. Tatizo ni sisi tunaofundisha.

Swali la msichana wa dawati la nyuma

Nilikuwa nimechora pembetatu ubaoni, pembe moja ya ndani nikaiandikia nyuzi 70, au digrii 70 kama wanavyosema wengi. Nikauliza: pembe ya nje hapo ni ngapi? Msichana mmoja wa dawati la nyuma akajibu bila kusita: "290, Mwalimu."

Darasa likacheka. Mimi nikafanya kosa ambalo nimelifanya miaka mingi. Nilimwambia, "Hapana, ni 110. Kanuni inasema pembe ya nje ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Ishike hiyo." Nikageukia ubao.

Akainua mkono tena. "Lakini Mwalimu, kama pembe ya ndani ni ile iliyo ndani, ya nje si yote iliyobaki nje? Duara zima ni 360. Ukitoa 70 zinabaki 290."

Hakuwa mjinga. Hesabu yake ilikuwa sahihi na lugha ilikuwa upande wake. Neno "nje" kwa mtu yeyote mwenye akili ni kila kilicho nje. Kuuliza si ujinga, na aliyestahili kuchekwa siku ile ni mimi, niliyempa mtoto kanuni ya kushika bila kumwonyesha kitu chenyewe. Niliwaambia wafunge madaftari, tukatoka nje.

Kuzunguka vigingi vitatu

Uwanjani tulichomeka vigingi vitatu, tukavizungushia kamba ikawa pembetatu kubwa. Tuviite A, B na C. Nilimwambia yule msichana asimame katikati ya upande mmoja, kati ya A na B, mwavuli wake ameunyoosha mbele kama upanga, aanze kutembea kuelekea B.

Alipofika B nikamsimamisha. "Usipogeuka utakwenda wapi?" Akasema ataendelea moja kwa moja hadi kwenye mahindi ya jirani. Tukaweka kamba nyingine chini kuonyesha njia hiyo ya kwenda mahindini, yaani mwendelezo wa upande uleule aliotoka nao. "Sasa geuza mwavuli uelekee C." Akageuka.

Kule kugeuka kwake, kuanzia njia ya mahindini hadi njia ya C, ndiko pembe ya nje. Ni kiasi ambacho mtu hupinda anapofika pembeni. Ile iliyobaki nje yote, zile 290 za msichana wetu, ina jina lake nyingine, na si hiyo tunayoitafuta. Ukitaka kuipata pembe ya nje katika mchoro wowote, fanya kitu kimoja tu: refusha upande upite kwenye ncha, kisha utazame nafasi iliyo kati ya mstari huo mpya na upande wa pili.

Dereva wa matatu anaijua bila kwenda shule. Barabara za huku zinapanda na kushuka mabonde, na abiria husema "kona kali". Kona kali ni ile ambayo ndani yake pamebana sana, na kwa hiyo usukani lazima uzungushwe sana. Ndani ikiwa ndogo, nje inakuwa kubwa. Ndani ikiwa kubwa, karibu na mstari mnyoofu, dereva anagusa usukani kidogo tu na kona imekwisha. Hizi mbili ni kama ndugu wanaogawana urithi mmoja, na urithi wenyewe ni mstari mnyoofu, nyuzi 180. Mmoja akichukua 70, mwenzake anabaki na 110. Ndiyo maana jibu lilikuwa 110.

Msichana akaendelea. Alipinda B, akapinda C, akapinda A, akarudi pale katikati alipoanzia. Nikamuuliza anatazama wapi. Akatazama huku na huku, akatabasamu. Mwavuli ulikuwa unaelekea upande uleule ulioelekea alipoanza. Maana yake ni kwamba katika zile kona tatu amegeuka mzunguko mmoja kamili, nyuzi 360, hazikuzidi wala hazikupungua. Tulisogeza vigingi tukafanya pembetatu nyembamba kama mkuki, kisha nyingine pana. Kila aliyezunguka alimaliza akitazama alikoanza kutazama.

Hapo likazaliwa jambo ambalo watoto hawa walikuwa wamelikariri tangu zamani. Pembetatu ina ncha tatu, na kila ncha ina urithi wa nyuzi 180 wa kugawana kati ya ndani na nje. Jumla ni 540. Za nje zimechukua 360. Za ndani zimebaki na ngapi? Darasa zima likapiga kelele: "180!" Hakuna aliyewaambia. Waliihesabu kwa miguu yao.

Kwa nini mbili za mbali?

Sasa tuje kwenye kanuni iliyomtesa mpwa wangu: pembe ya nje ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo.

Tuseme pembe za ndani ni 50 pale A, 60 pale B na 70 pale C. Simama C. Ya ndani hapo ni 70, ya nje ni 110. Sasa jumlisha zile mbili ambazo hukusimama nazo: 50 na 60. Unapata 110. Nenda B: ya nje ni 120, na za mbali ni 50 na 70. Nenda A: ya nje ni 130, na za mbali ni 60 na 70. Haikosei.

Sababu yake ni ya mizani. Pale C, ya ndani na ya nje zikiwekwa pamoja zinafanya 180. Katika pembetatu nzima, ile ile ya ndani ya C ikiwekwa pamoja na A na B inafanya 180 vilevile. Kwenye sahani moja ya mizani una C na pembe ya nje. Kwenye sahani ya pili una C na A na B. Mizani imelala sawa. Ondoa C kwenye kila sahani. Mizani bado imelala sawa, na kilichobaki upande huu ni pembe ya nje, upande ule ni A na B.

Kwa asiyeridhika na mizani, iko njia ya kuona kwa macho. Kata pembetatu ya karatasi, uiweke juu ya meza na uchore mistari yake, kisha urefushe upande mmoja kwa rula upite kwenye ncha ya C. Sasa ichane karatasi, uchukue kipande cha ncha ya A na kipande cha ncha ya B, uviweke bega kwa bega ndani ya pembe ya nje ya C. Vitajaa humo pasibaki upenyo.

Na kwa anayetaka hoja isiyotegemea mkasi, kutoka ncha ya C chora mstari ulio sambamba na upande wa AB, sambamba kama vyuma viwili vya reli. Mstari huo unaipasua pembe ya nje vipande viwili. Kwa kuwa mistari sambamba hukatwa na mstari wa tatu kwa pembe zilezile, kipande kimoja kinakuwa sawa na pembe ya A, cha pili kinakuwa sawa na pembe ya B. Hoja hii imo katika kitabu cha kwanza cha Euclid, mtu wa Aleksandria ya Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo, na ndiyo jambo la 32 analolithibitisha humo. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye kitabu hicho kilikuwa kimefasiriwa kwa Kiarabu kule Baghdad, na Ulaya ilikipokea kwa kiasi kikubwa kupitia mikono hiyo. Kwa hivyo anayesema hesabu si za watu wa mwambao huu wetu, ulioshikana na Misri na Arabuni tangu enzi, na atueleze ni za nani.

Mti wa mzee na jiko la mkewe

Labda utauliza, na mpwa wangu aliuliza: inanifaa nini? Nitasimulia jambo lililotokea hapa Kanja, nyumbani ninapopanga.

Mwenye nyumba wangu ni mzee wa makamo mwenye shamba la kahawa. Mpakani mwake ipo migrivea, ile miti mirefu ambayo watu wa huku huiita mukima. Mmoja wao ulisimama mita 15 kutoka jiko la mkewe, jiko la mbao lenye paa la mabati, na ulianza kuegemea upande huo. Mzee akamwita mkata miti aje na msumeno wa injini. Yule bwana akautazama mti juu hadi chini, akasema, "Huu haufiki jikoni. Nauangusha hukohuko unakoegemea, ndiyo rahisi."

Mama wa nyumba alikuwa ndani ya jiko, sufuria iko motoni. Alitoka akanitazama. "Mwalimu, wewe si wa hesabu? Unafika au haufiki?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote nafundisha pembetatu na sikuwa nimewahi kuulizwa swali ambalo jibu lake lingeweza kumwangukia mtu. Nikaomba nusu saa.

Nilichukua kipimapembe cha plastiki, kile cha nusu duara kwenye mkebe wa mwanafunzi, nikafunga uzi kwenye kitundu cha katikati, mwisho wa uzi nikaning'iniza nati. Ukichungulia kando ya ule ubavu ulionyooka na kutazama mbele sawasawa, uzi unakaa kwenye 90. Ukiinua macho nyuzi 30, uzi unasogea nyuzi 30 kutoka hapo. Ndicho chombo chote.

Njia ya kuingilia kwa mzee ni mahali pekee palipo tambarare, nayo inaelekea mti moja kwa moja. Nilirudi nyuma mpaka nikaona kilele kwa nyuzi 30, nikamwambia kijana wake achomeke kijiti. Nikasogea mbele polepole huku nachungulia, mpaka kilele kikawa kwenye nyuzi 60. Kijiti cha pili. Tukapima kati ya vijiti viwili kwa utepe: mita 20.

Sasa tazama pembetatu iliyopo hapo. Ncha moja ni kijiti cha kwanza, ya pili ni kijiti cha pili, ya tatu ni kilele cha mti. Nilipokuwa natembea kuelekea mti, njia yangu iliendelea mbele ya kijiti cha pili. Basi zile nyuzi 60 nilizozipima hapo ni pembe ya nje. Na pembe ya nje ni jumla ya zile mbili za mbali: ya kijiti cha kwanza, ambayo ni 30, na ya kule kileleni. Sitini toa thelathini, ya kileleni ni 30. Sikupanda juu ya mti, lakini pembe ya huko juu nimeijua.

Pembetatu yenye pembe mbili zilizo sawa ina pande mbili zilizo sawa. Kwa hivyo umbali kutoka jichoni mwangu, nikiwa kwenye kijiti cha pili, hadi kileleni ulikuwa sawa na ule niliotembea: mita 20. Kutoka hapo kazi ni ndogo. Pembetatu yenye nyuzi 60 kwa mtazamaji na pembe mraba kwenye shina ni nusu ya pembetatu iliyo sawa pande zote, kwa hivyo kutoka kwangu hadi shinani ni nusu ya 20, yaani mita 10. Kimo kikatoka mita 17 na sentimita 30 hivi juu ya jicho langu, na jicho langu liko mita moja na nusu kutoka chini. Mti ulikuwa karibu mita 19. Jiko liko mita 15.

"Unafika," nikasema. "Na kupita unapita."

Mkata miti hakufurahi. Alisema amekata miti tangu sijazaliwa. Lakini mzee alimtazama mkewe, akaagiza kamba. Mti ulifungwa, ukavutwa upande wa pili, ukaangukia migomba. Ulipolala chini tulipima kutoka kisiki hadi kilele, tukapata mita 18 na nusu, na kisiki chenyewe kilikuwa kimebaki sentimita 30. Siku hiyo chakula cha mchana kilipikwa kwenye jiko lilelile.

Omo ya chombo

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimekumbuka kitu ambacho nilikisikia nikiwa mtoto na nikakiacha kipite.

Ami yangu alikuwa serahangi. Alikuwa akitusimulia kwamba melini walikuwa na hila ya kujua wako mbali kiasi gani na nchi kavu bila kuigusa. Chombo kinakwenda sambamba na pwani, omo imenyooka. Mbele upande mmoja kuna mnara wa taa, tuseme wa Ras Serani pale kwetu. Ofisa anapima pembe kati ya omo na mnara. Ikiwa ni nyuzi 30, anaandika saa na kusoma mwendo. Chombo kinaendelea bila kubadili uelekeo, na mnara unazidi kufunguka ubavuni, mpaka pembe inakuwa mara mbili, nyuzi 60. Anatazama wamekwenda maili ngapi tangu kipimo cha kwanza. Wakiwa wamekwenda maili mbili za baharini, basi mnara uko maili mbili kutoka walipo wakati huo.

Sisi watoto tulidhani ni uganga wa mabaharia. Ni mti wa mzee wa Kanja, umelazwa baharini. Omo ya chombo ndiyo upande uliorefushwa. Pembe kati ya omo na mnara kwenye kipimo cha pili ndiyo pembe ya nje. Ikiwa ni mara mbili ya ile ya kwanza, ya kule mnarani lazima iwe sawa na ile ya kwanza, na pande mbili zinakuwa sawa: maili ulizokwenda na maili zilizobaki hadi mnarani. Si lazima iwe 30 na 60. Hata 25 na 50, hata 45 na 90, mradi ya pili iwe mara mbili ya ya kwanza. Hiyo ya 45 na 90 mabaharia waliipenda zaidi, kwa sababu mnara unapokuwa ubavuni sawasawa, umbali unaoupata ndio umbali wa kupita kwako.

Hapa ipo tahadhari, na ni ya kweli kwenye bahari yetu. Maji ya pwani hii hayatulii. Mkondo wake unavuta kuelekea kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na nguvu zake hubadilika na kusi na kaskazi. Kipimo cha mwendo kinachosoma chombo kinavyopita majini hakijui kwamba maji yenyewe yanakwenda. Mkondo ukikusukuma kutoka nyuma, umekwenda mbali kuliko unavyodhani, na mnara nao uko mbali zaidi ya hesabu yako. Ukikupinga, mnara uko karibu kuliko unavyodhani, na pengine miamba iko karibu nawe pia. Kosa hapo linatokana na kipimo. Pembetatu haikukosea kitu. Aliyekariri kanuni bila kujua inatoka wapi hawezi kujua lini imwamini na lini aishuku.

Vivyo hivyo, kanuni hii ni ya mahali palipo bapa, au padogo kiasi kwamba mviringo wa dunia hauonekani. Chukua pembetatu kubwa mno: kutoka ncha ya kaskazini ya dunia ushuke hadi ikweta, ufuate ikweta robo ya dunia, upande tena hadi ncha. Pembe zake tatu zote ni mraba, jumla 270. Kwa maili mbili za Ras Serani jambo hilo halikuhusu.

Tunawaambia nini watoto wetu?

Aprili 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itabaki ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu, baada ya wazazi na walimu wengi kulalamika kwamba ilikuwa imefanywa ya hiari kwa baadhi yao. Zitakuwa za aina mbili: moja nzito kwa wanaofuata sayansi na uhandisi, nyingine nyepesi kwa wengine. Sina ugomvi na mpango huo. Si kila mtoto atakuwa mhandisi.

Ninachokihofia ni kwamba watoto wa kwetu watamiminika kwenye ile nyepesi si kwa kupenda jambo jingine, bali kwa kukimbia jambo ambalo hawajawahi kuonyeshwa. Mtoto aliyekabidhiwa kanuni arobaini za kukariri anaziona kama mzigo wa kuli, na ana haki ya kuutua. Halafu sisi wakubwa tunampa udhuru: si za kwetu hizo. Tunasahau kwamba wazee wetu walivusha vyombo hadi Arabuni na Bara Hindi kwa kupima nyota na upeo wa macho, na kazi hiyo ni pembe tupu. Melini, bandarini, kwenye ramani za mashamba ambayo kila siku tunalilia hati zake, anayejua kupima ndiye anayesikilizwa. Asiyejua anaambiwa "haufiki jikoni", na hana la kujibu.

Wazazi, msiogope kwamba hamkusoma. Mama yule wa Kanja hakunihesabia kitu. Aliuliza swali moja tu, mbele ya watu, na akasubiri jibu. Muulize mwanao swali la namna hiyo. Mnazi ule ukianguka utafika kwenye paa la jirani? Mtumbwi ule uko mbali gani na ufuo? Mpe uzi na nati.

Ndivyo nilivyofanya kwa mpwa wangu. Nilimweleza habari ya vigingi na mwavuli, ya mti na ya omo, kisha nikamwambia achukue kipimapeme chake aende ukingoni mwa maji, Mama Ngina, achague kitu kimoja kilichosimama upande wa Likoni, apime umbali wake bila kupanda feri. Nikamwambia akimaliza anipigie, kisha ndipo tuzungumze habari ya kuacha hesabu.

Jumamosi jioni simu ikalia. Sikusikia shikamoo safari hii, alikuwa na haraka.

"Mjomba, haiwezekani. Nimepata 30, nimetembea, nimepata 60. Lakini njia ya Mama Ngina imepinda. Sikwenda mstari mmoja. Kwa hivyo ile 60 si pembe ya nje ya pembetatu yangu, au vipi?"

Jibu la umbali hakulipata. Nilimwambia atafute sehemu iliyonyooka, kesho arudie. Kisha nikakaa na simu mkononi, nje baridi ya Kanja inaingia, nikijua kwamba mtoto aliyepata sifuri kwenye pembe za nje ameiona mwenyewe, kwa macho yake, mahali ambapo haipo.